Kichomi Hakichagui Mwenye Nguvu: Historia ya Nimonia kwa Watu Wazima

Ukimtajia mtu nimonia hapa Voi, atakujibu kwamba huo ni ugonjwa wa watoto. Atakushauri umfunike mtoto vizuri na usimtoe nje kwenye umande. Kuhusu watoto hajakosea, kwa maana nimonia ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi wa chini ya miaka 5 duniani. Lakini wazee wetu walikuwa na jina lingine la ugonjwa huu. Waliuita kichomi. Sasa jiulize, mtoto mchanga anaweza kueleza anachomwa wapi? Hawezi. Jina hilo ni la mtu mzima aliyejishika ubavu akasema, kila nikivuta pumzi nachomwa kama kwa kisu.

Leo nataka turudi nyuma zaidi ya miaka 100, kwa sababu mji wetu una historia na ugonjwa huu, na historia hiyo haikuwa ya watoto hata kidogo. Ilikuwa ya vijana wenye nguvu, waliochaguliwa kwa ajili ya nguvu zao.

Mwezi Agosti 1914, vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, Wajerumani walivuka mpaka kutoka upande wa Moshi wakaiteka Taveta. Waingereza wakafanya Voi kuwa kituo chao kikuu cha upande huu, kwa sababu reli ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi ilipita hapa. Mwaka 1915 walianza kujenga reli nyingine ya kijeshi kutoka Voi kuelekea magharibi, kupitia Mwatate na Bura hadi Maktau. Februari 1916 walishambulia kilima cha Salaita wakashindwa, na Machi Taveta ikarudi mikononi mwao, wakapigana pia kwenye vilima vya Latema na Reata. Ukipanda gari leo kwenda Taveta unapita mle mle. Habari ya watu wa Kasighau waliohamishwa kwa nguvu hadi Malindi mwaka 1915, wakishukiwa kuwasaidia Wajerumani, ni ndefu na inahitaji kipindi chake.

Jeshi hilo lililishwa na vichwa na mabega ya wapagazi. Farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o, magari yalikwama kwenye matope, na reli haikufika kila mahali. Kwa hiyo unga, risasi, maji na dawa vilibebwa na watu. Waliandikishwa kutoka Ukambani, Uluhya, Ujaluo, Gikuyu, Pwani na kwingineko, na mwaka 1917 serikali ilifanya msako mkubwa wa kuwakusanya kwa lazima. Kikosi chao kwa Kiingereza kilikuwa Carrier Corps, nasi tukakitamka kwa ulimi wetu. Ndiyo asili ya jina la Kariokor kule Nairobi, na Kariakoo kule Dar es Salaam. Wengi hununua viondo na nyama choma pale Kariokor bila kujua kwamba wanatamka jina la kikosi cha wafu.

Ni wafu kweli, kwa maana hesabu rasmi ya Waingereza ilisema wapagazi waliokufa walizidi 40,000, na wanahistoria wanaamini idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi ya hapo. Makaburi ya wanajeshi yako Voi, Maktau na Taveta, yana mawe na majina, na nyasi hukatwa vizuri. Mpagazi hana jiwe. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri jambo hilo hadharani na kuomba radhi. Imechukua muda mrefu, lakini tuendelee.

Je, wapagazi hao waliuawa na risasi? Wachache. Wengi waliuawa na magonjwa. Kuhara damu kulitangulia, kwa sababu ya maji machafu na unga usioiva, kisha malaria na nimonia. Hapa ndipo ninapotaka ufikirie pamoja nami. Mimi na wewe tunajua Voi ilivyo. Ni joto. Sehemu kubwa ya vita hivyo ilipiganwa katika nchi za joto, kutoka nyika yetu hii hadi bonde la Rufiji. Kama nimonia ingekuwa ugonjwa wa baridi peke yake, kwa nini iwamalize vijana kwenye nchi ya jua kali?

Jibu la swali hilo lilikuwa limeanza kupatikana kabla ya vita, mbali na hapa, katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Wachimbaji walioletwa kutoka nchi za joto za kaskazini, kama Msumbiji na Nyasaland ambayo leo ni Malawi, walikuwa wanakufa kwa nimonia kwa wingi wa kutisha, hasa katika miezi yao ya kwanza. Wenye migodi walimwita daktari Almroth Wright kutoka Uingereza, naye mwaka 1911 akaanza kuwajaribia chanjo. Chanjo yake haikuleta mafanikio makubwa. Vifo viliendelea, hata mwaka 1913 serikali ya huko ikapiga marufuku kuandikisha wafanyakazi kutoka nchi hizo za joto. Lakini daktari mwingine aliyebaki huko, Spencer Lister, aligundua jambo la maana: kiini cha nimonia si cha aina moja. Kina aina nyingi, na kinga ya mwili dhidi ya aina moja haimkingi mtu na nyingine. Leo zinajulikana aina takriban 100.

Kiini chenyewe kilikuwa kimeonekana tangu 1881, na watu wawili mwaka huo huo bila kushirikiana: Louis Pasteur huko Ufaransa na George Sternberg huko Marekani. Kinaitwa nimokokasi. Ukikitazama kwa darubini ni vidoti vidogo vinavyokaa wawili wawili, kama maharagwe yaliyobaki kwenye ganda. Kinaishi puani na kooni mwa watu wazima kabisa, hasa watoto wadogo, bila kuwasumbua. Kinapita kutoka kwa mtu hadi mtu kwa kikohozi, chafya na mate. Kwa kawaida kinga ya mwili hukizuia pale pale kooni. Mtu akichoka kupita kiasi, akikosa chakula, akiugua ugonjwa mwingine, au mapafu yake yakiharibiwa na moshi, kiini hushuka kifuani. Huko huongezeka, na sehemu ya pafu hujaa majimaji na usaha badala ya hewa. Kikipita hapo kikaingia kwenye damu, mwili wote umeshambuliwa. Kikifika kwenye ubongo kinaleta homa ya uti wa mgongo.

Sasa rudi kwa mpagazi. Ametolewa kwao milimani, ambako amezoea viini vya watu wa kijijini kwake. Amelazwa kambini bega kwa bega na mamia ya watu wa kutoka kila pembe, kila mmoja amekuja na aina yake ya kiini kooni. Anabeba mzigo wa kilo 25 mchana kutwa, anakula kidogo, anaharisha, ana malaria, na usiku ana blanketi moja kwenye ardhi yenye unyevu. Baridi ya usiku ilichangia kumdhoofisha, sikatai. Lakini baridi haikumletea kiini. Kililetwa na msongamano, na uchovu ukakifungulia mlango.

Halafu ikaja homa ya mafua ya 1918. Iliingia Kenya kupitia bandari ya Mombasa mwezi Septemba, ikafuata reli na watu waliokuwa wakirudi kutoka vitani. Wataalamu waliochunguza upya mapafu yaliyohifadhiwa tangu wakati ule walieleza mwaka 2008 kwamba wengi wa waliokufa duniani hawakumalizwa na kirusi cha mafua peke yake. Mafua yaliwajeruhi mapafu, kisha bakteria kama nimokokasi wakaingia juu ya jeraha. Ndiyo maana sisi wauguzi humwuliza sana mtu anayesema, nilikuwa na mafua, nikapata nafuu, halafu homa ikarudi kwa nguvu. Hiyo homa ya pili usiidharau.

Zamani hizo hapakuwa na dawa. Mgonjwa alilazwa, akapewa maji na uji, na watu wake wakahesabu siku. Karibu na siku ya 7 mambo mawili yaliweza kutokea: homa ikakatika ghafla kwa jasho jingi akapona, au akafa. Hospitalini, hata katika nchi tajiri, mmoja kati ya wagonjwa 3 au 4 alikuwa anakufa. Mwaka 1938 ilipatikana dawa ya salfa iliyojulikana kama M&B 693, na ndiyo aliyotibiwa nayo Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, alipougua nimonia huko Tunisia Desemba 1943. Kisha ikaja penisilini katika miaka hiyo ya 1940, na watu wakadhani ugonjwa umekwisha.

Haukwisha. Mwaka 1964 madaktari wawili wa Marekani, Robert Austrian na Jerome Gold, walichapisha matokeo ya wagonjwa waliowahudumia miaka mingi katika hospitali moja ya Brooklyn. Penisilini iliokoa wengi sana. Lakini kundi moja haikulisaidia: wale ambao ugonjwa ulikuwa mkali kiasi cha kuwaua ndani ya siku 5 za kwanza. Kwao ilikuwa karibu kama hawakupewa dawa, kwa sababu madhara yalikuwa yamekwisha kufanyika mwilini. Tafadhali soma sentensi hiyo mara ya pili. Dawa inaua kiini, lakini hairudishi nyuma saa zilizopotea.

Tuje nyumbani Pwani. Kati ya miaka ya 1994 na 1996, watafiti walichunguza watu wazima 281 waliofika na nimonia kali katika hospitali kuu ya mkoa huko Mombasa na hospitali ya wilaya ya Kilifi. Matokeo yalitolewa mwaka 2000. Nimokokasi ilipatikana kwa wagonjwa 46 kati ya kila 100, ikiwa mbele kabisa ya viini vingine vyote. Zaidi kidogo ya nusu yao walikuwa na virusi vya Ukimwi. Katika wale waliofuatiliwa kwa wiki 3, mmoja kati ya 10 alikufa, pamoja na kwamba walikuwa hospitalini.

Kuna jambo lingine katika utafiti huo ambalo hutajwa mara chache. Wagonjwa waliopitia kwanza kwa mganga wa kienyeji walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa, na waliopitia kwanza duka la dawa walikuwa na hatari ndogo zaidi. Nisieleweke vibaya. Siwaambii mkajitibu kwa vidonge viwili vya amoksilini vya kununua dukani, na wala simtukani mganga, ambaye mara nyingi ndiye jirani wa karibu wakati dispensari iko mbali. Ninavyosoma mimi, tofauti ni saa. Mmoja alimeza dawa inayoua kiini mapema, mwingine alichanjwa ubavu na kusubiri siku mbili zaidi. Na kwa bahati mbaya, kichomi kwa sababu kinachoma ubavuni, ndicho hasa kinachowafanya watu wafikiri kuna kitu kimetupwa mwilini, kwamba mtu amerogwa.

Basi ni nani kati yetu aliye katika hatari leo? Anayeishi na virusi vya Ukimwi, hasa asiyemeza dawa zake. Dawa za kupunguza makali zimeshusha hatari hiyo sana, na septrini ya kila siku nayo husaidia inapotolewa na kliniki. Mzee wa miaka 65 na zaidi. Mwenye kisukari, ugonjwa wa moyo, figo au ini, na mwenye pumu ya muda mrefu. Mwenye ugonjwa wa selimundu, au aliyeondolewa wengu baada ya ajali. Mvuta sigara, utafiti wa Marekani wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba sigara ndiyo ilikuwa sababu kubwa zaidi kwa watu wazima wasio na upungufu wa kinga. Mlevi pia, awe ni wa mbangara, mnazi au bia ya chupa, kwa maana pombe hulegeza kinga ya mwili, na aliyelewa anaweza kuvuta matapishi au mate yake hadi mapafuni usingizini.

Ongeza mama anayepika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha, jambo la kawaida kule juu Wundanyi na Werugha ambako baridi huwafanya watu wafunge milango. Ongeza wanaoishi kwa kubanana: vyumba vya wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, mabweni, mahabusu, na kambi za wachimba vito ambako vumbi la mawe huongezea mapafu mzigo. Hawa wa kambini wananikumbusha wapagazi kuliko wengine wote. Ni vijana wenye nguvu, wametoka kila mahali, wanalala pamoja, na hakuna anayetaka kupoteza siku ya kazi kwa ajili ya kikohozi.

Dalili zake usizisahau. Mara nyingi huanza ghafla: mtu anatetemeka kwa baridi kali hadi meno yanagongana, kisha homa juu. Kikohozi, baadaye makohozi mazito, mara nyingine yenye rangi ya kutu. Maumivu makali ubavuni akivuta pumzi. Pumzi fupi za haraka. Kwa kuwa kwetu kila homa huitwa malaria, wengi hununua dawa ya malaria na kulala. Pima malaria, ndiyo, lakini homa yenye kichomi na pumzi za haraka ichunguzwe kifua hata kama malaria imeonekana.

Na kwa mzee dalili huwa tofauti. Babu anaweza asikohoe wala asipate homa kubwa. Anaacha kula, anaanguka, anachanganyikiwa, anamwita mjukuu kwa jina la marehemu ndugu yake. Watu wa nyumbani husema ni uzee. Hesabu pumzi zake. Tazama kifua kikipanda na kushuka kwa dakika nzima kwa saa au simu yako. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20. Zikifika 30, au akichanganyikiwa, au midomo ikiwa ya buluu, au akishindwa kumaliza sentensi bila kupumzika, usingoje asubuhi. Tafuta gari usiku huo huo.

Akifika, atapimwa oksijeni kwa kifaa kidogo cha kidoleni, atasikilizwa kifua, na huenda akapigwa picha. Aliye na hali nafuu hupewa vidonge, mara nyingi amoksilini, akatibiwa nyumbani na kurudi kuangaliwa. Aliye na hali mbaya hulazwa kwa sindano za penisilini au seftriaksoni, maji ya mshipani ikihitajika, na oksijeni. Usiikatae oksijeni. Kuna imani kwamba anayewekewa mpira wa oksijeni puani ameshakufa. Ukweli ni kwamba wengi hufa kwa kukosa hewa huku dawa ikiendelea na kazi yake. Maliza vidonge vyote hata ukijisikia vizuri siku ya 3. Huko Afrika Kusini, tangu 1977, nimokokasi sugu kwa penisilini na dawa nyingine zilishaonekana, na matumizi ya nusu dozi ni moja ya sababu zinazokuza usugu. Kubali pia kupimwa virusi vya Ukimwi, na ikiwa kikohozi kimepita wiki 2, makohozi yapimwe kifua kikuu, kwa sababu magonjwa haya hufichana.

Kuhusu chanjo, safari imekuwa na mabonde. Robert Austrian yule yule alirudi kwenye migodi ya Afrika Kusini katika miaka ya 1970, akathibitisha chanjo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1977 ikiwa na aina 14, na mwaka 1983 ikaongezwa hadi aina 23. Ilipojaribiwa Entebbe, Uganda, kwa watu wazima wenye virusi vya Ukimwi, matokeo ya mwaka 2000 yalionyesha kwamba haikuwakinga. Chanjo ya namna mpya zaidi, ile inayounganishwa na protini, ilijaribiwa Malawi kwa watu kama hao waliokwisha kuugua nimokokasi mara moja, na mwaka 2010 ikaonekana kupunguza kuugua tena kwa kiasi cha robo tatu. Katika Kenya, mtu mzima bado haipati chanjo hii bure katika chanjo za kawaida. Hupatikana kwa kulipia katika baadhi ya hospitali za binafsi mijini, na mwenye kisukari, selimundu au aliyeondolewa wengu amwulize daktari wake.

Lakini mwaka 2011 Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya aina 10 za nimokokasi, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Watafiti wa Kilifi wakaendelea kuhesabu wagonjwa mwaka hadi mwaka, na mwaka 2019 wakatoa majibu. Kwa watoto wa chini ya miaka 5, ugonjwa mkali wa aina zilizo ndani ya chanjo ulipungua kwa asilimia 92. Hilo lilitarajiwa. Kilichowafurahisha wengi ni kwamba kwa watu wa miaka 15 na zaidi, ambao hawakuchanjwa hata tone, ugonjwa wa aina hizo ulipungua kwa asilimia 81. Mtoto aliyechanjwa habebi sana aina hizo kooni, kwa hiyo hampelekei nyanya yake anapombusu. Aina nyingine zilizo nje ya chanjo bado zipo, na hizo ndizo tunazoendelea kuziona kwa watu wazima. Kadi ya kliniki ya mtoto ina nafasi tatu za chanjo hii. Kama mojawapo iko wazi, mlete hata kama wiki zimepita, muuguzi atakueleza la kufanya.